Chakula cha Asiyekuwepo

Wali ulikuwa bado wa moto, na aliyeandaliwa hakuwepo.

Inspekta Hidaya Amissi alisimama mbele ya meza ya wasemaji, mikono kaifunga nyuma asije akashika kitu kwa kusahau. Bakuli la zamani, rangi ya majani mabichi, limejaa wali. Vijiti viwili vya kulia vimechomekwa katikati, vimesimama wima. Kisahani chenye paja la kuku wa kuchemsha. Chungwa. Kikombe cha maji. Pembeni kijiti cha udi kilichokwisha kuungua, majivu yake yameangukia kitambaa cha meza. Nyuma ya vyote hivyo kulikuwa na kibao cha karatasi chenye jina la msemaji wa siku: Mwanakombo Shee.

Wiki nzima chuo kikuu kilikuwa kimeufungulia umma milango kwa mihadhara ya utamaduni na jamii ya China, bila kiingilio. Jumatatu walizungumzia chai. Jumanne, wazee wenye mtoto mmoja wa kuwatunza. Jana, mazishi na mababu. Leo Alhamisi ilikuwa zamu ya Mwanakombo, binti wa Siyu katika kisiwa cha Pate, aliyekuja Brussels kusomea shahada ya uzamivu. Angezungumzia mabakuli ya Kichina ambayo watu wa pwani ya Afrika Mashariki waliyajengea kwenye kuta za makaburi yao zamani. Lakini tangu Jumamosi hakuna aliyemwona.

Wakubwa wa Hidaya walikuwa na jibu tayari. Jumamosi jioni simu ya Mwanakombo ilimtumia dada yake ujumbe kwamba anakwenda Paris kwa siku chache, kisha ikazimika karibu na stesheni ya Gare du Midi. Mtu mzima, stesheni, treni za Paris kutwa nzima: faili likasukumwa pembeni. Polisi wa mji huu ni wepesi wa kumpandisha mtu treni asiyoipanda, hasa akiwa mgeni.

Dada mtu hakukubali. Nusura aliishi mtaa wa Koekelberg na kufanya kazi ya kutunza wazee Woluwe, na Jumapili alikuja kituoni na sare yake ya kazi, akakaa mbele ya Hidaya bila kulia. “Dada, nikijua yu hai, nitangoja,” alisema. “Nikijua amekufa, nitazika. Hapa katikati ndipo siwezi kukaa.” Hidaya alimwahidi kwamba atamtoa hapo katikati, kwa njia moja au nyingine. Ahadi ni deni, na hili lilikuwa linamnyima usingizi.

“Chef.” Aristote, msaidizi wake, alikuja akipita kando ya viti, daftari mkononi. Alizaliwa Bukavu, akakulia hapahapa, na Kiswahili chake kilikuwa na Kifaransa ndani kama chumvi kwenye mboga. “Gardien, ule mulinzi, anasema alifungua salle saa mbili, ilikuwa vide, hakuna kitu. Alirudi saa tatu, kitu iko tayari pale. Hakuna muntu mwenye aliona. Na kule couloir, njia ya inje, kumejaa masanduku ya exposition, muntu anaweza kupita nyuma yake bila kuonekana.”

“Nani alituita?”

“Ule maman wa Chine. Anakataa kuingia. Anasema mpaka sisi tumalize.”

Profesa Qiu alikuwa amesimama nje ya mlango, mwanamke mfupi mwenye mvi, mwenyeji wa Quanzhou, mgeni wa heshima wa wiki hiyo. Yeye ndiye aliyetoa mhadhara wa jana juu ya mazishi. Kifaransa alijifunza ujanani, na alikizungumza polepole, kila neno mahali pake.

“Uliona nini, Profesa?”

“Nilichokiona wewe umekiona. Ila mimi nimelelewa nacho.” Alionyesha kwa kidevu, hakunyoosha kidole. “Nilipokuwa mtoto nilichomeka vijiti hivyo kwenye wali siku moja, kwa kucheza. Bibi yangu alinipiga kofi la kwanza na la mwisho maishani mwake. Wali wa namna ile ni wa maiti. Hauwekwi kwa mtu mwingine yeyote.”

“Hauwezi kuwa mzaha? Au kitisho?”

“Mzaha ungekuwa wali na vijiti, basi. Huyu amepika. Amechoma udi, amengoja uungue mpaka mwisho. Chungwa amelifuta.” Mama yule alimgeukia Hidaya. “Inspekta, huyu hakuja kutisha mtu. Amekuja kulisha.”

Hidaya aligeuka akaitazama meza upya. Maana kama wali ule hawekewi aliye hai, basi mtu fulani ndani ya jengo hili alijua jambo ambalo polisi hawakulijua.

“Kuna kosa lolote katika mpangilio?”

“Kosa, hapana. Upungufu.” Profesa Qiu alifikiri. “Nyumbani tungemimina pombe kikombeni. Tungeweka na kipande cha nguruwe. Hapa kuna kuku peke yake, na maji. Sijawahi kuona maji matupu.”

Aristote aliandika haraka, akamvuta Hidaya kando. Macho yalikuwa yamemng’aa. “Chef, ni simple. Hakuna pombe, hakuna nguruwe. Donc mwenye aliweka ni Muislamu. Muislamu mwenye anajua mambo ya Chine. Wako wangapi hapa?”

“Sijui. Tumuulize mwenye shughuli.”

Mwenye shughuli alikuwa Florent Delvigne, mhadhiri wa mambo ya China, mtu mrefu mwenye koti zuri na macho ya mtu asiyelala. Yeye ndiye aliyeandaa wiki yote. Walimkuta kwenye ngazi za jukwaa akiwaambia watu wawili wahamishe wasikilizaji kwenye ukumbi wa juu.

“Wanafunzi,” alisema kwa Kifaransa, kabla hajaulizwa. “Jana wamesikia habari za mizimu, leo wamejaribu. Nasikitika mmesumbuliwa kwa mchezo.”

“Bakuli ni la nani?”

“La maonyesho. Yaani langu. Nililinunua Guangzhou miaka mingi iliyopita. Lilikuwa kwenye kabati la kioo kule ukumbi wa mbele.”

“Lenye kufuli?”

“Ufunguo unaning’inia ofisini. Kila mtu anajua.”

Chini ya jukwaa bomba la joto liligonga, mara mbili, kama yanavyogonga mabomba ya majengo ya zamani. Delvigne alisita katikati ya neno. Macho yake yalishuka sakafuni, yakakaa, kisha yakapanda tena.

“Masanduku ya kule nje kwa nini yanaziba njia?” Hidaya aliuliza. “Hamna ghala?”

“Lipo la chini. Limeingia maji. Nimelifunga, hakuna anayeshuka.” Akajifuta paji la uso. “Inspekta, sitaki kumsema mtu. Lakini mchumba wa Mwanakombo, yule Mtanzania, alisoma Wuhan kwa muda mrefu. Mila hizi anazijua. Na wiki iliyopita walikuwa wanagombana, hata mimi niliwasikia.”

Hidaya alimshukuru. Asemaye kwamba hataki kumsema mtu huwa amekwisha kumsema.

Mudathir walimpata mgahawani, mbele ya kikombe cha kahawa iliyopoa. Alikuwa kijana wa Tanga, mpole, ndevu hazijachongwa. Alimwona Aristote na kitambulisho chake, akasimama wima.

“Shikamoo, afande. Mmempata?”

“Marahaba. Kaa, Mudathir.” Hidaya alivuta kiti. “Leo asubuhi ulikuwa wapi?”

“Hapahapa. Leo ilikuwa presentation yake. Nikasema kama yupo popote, leo atakuja. Hii talk ameiandaa mwaka mzima.”

Hidaya alimwonyesha picha ya meza kwenye simu. Mudathir aliitazama, na uso wake ukabadilika polepole, jicho moja likitangulia jingine.

“Nani kaweka hii?”

“Unajua maana yake?”

“Nimekaa Wuhan, afande. Najua.” Alisukuma simu mbali naye. “Nani anasema amekufa? Mimi kila siku namtumia voice note. Asubuhi hii nimemwambia nimeshika seat ya mbele. Unanionaje mimi, nimtumie voice note maiti?”

Aristote aliinama mbele. “Hakuna pombe kwa iyo meza. Hakuna nguruwe. Ule mwenye aliweka ni Muislamu, ndugu. Na wewe uko Muislamu.”

Mudathir alimtazama kwa mshangao wa kweli. “Sasa ndugu yangu, mimi Muislamu nikijua mchumba wangu amefariki, nitampikia wali? Nitamsomea Yasini. Nitamwombea dua. Nitapiga simu Siyu kwa mama yake, ingawa sijui ningeanzia wapi. Maiti wetu hali.”

Hidaya aliweka kiganja mezani. Neno hilo lilikuwa dogo, na tangu asubuhi lilikuwa mbele ya pua yake. Alikuwa amelipita kwa sababu Aristote alisema kwa uhakika, na uhakika wa mtu mwingine ni mto laini wa kulalia.

“Mlikuwa mnagombana kuhusu nini?”

“Kuhusu bakuli. Yaani, si kugombana.” Alisugua macho. “Ijumaa alinipigia huku anacheka na kulia. Anasema, ‘Mudathir, nimeliona bakuli la babu.’ Nikamwambia, Mwanakombo, tulia, unachoka na hiyo thesis. Akakasirika. Akasema kesho anakwenda kumkabili mwenye nalo, na Alhamisi atalisema mbele ya watu wote.”

“Uliwaambia hayo wenzangu Jumapili?”

“Waliniuliza kama ninampiga. Nikasema hapana. Bakuli hakuna aliyeniuliza.”

Kwenye korido, kati ya masanduku matupu, Aristote alikuwa bado hajakata tamaa. “Chef, anaweza kudanganya. Anaongea vizuri, mais bon.”

“Sikiliza, Aristote. Kwetu Buyenzi, pale Bujumbura, jirani Mukristo akiwa na harusi anafanya nini? Anaita Muislamu aje achinje kuku. Yeye mwenyewe bia yake iko kwa frigo. Mezani anaweka Fanta. Kwa nini?”

“Kwa sababu ya bageni.”

“Kwa sababu ya wageni. Chakula kinafuata mlaji, hakifuati mpishi. Tumetafuta mpishi Muislamu. Muislamu ni yule aliyewekewa.”

Aristote alifunga daftari. “Alors, mwenye aliweka si Muislamu. Ila alimjua Mwanakombo sana, hata kujua hanywi.”

“Na alijua amekufa. Kitu kingine: ule ujumbe wa Paris uliandikwa Kifaransa. Nusura aliniambia, maisha yake yote mdogo wake hajamwandikia Kifaransa. Mudathir angeuandika kwa Kiswahili, na sisi tungedanganyika vizuri zaidi. Aliyeandika hakuwa na lugha nyingine ya kumwandikia dada mtu.”

Hawakutaja jina. Waliona wote wawili lilikokuwa linaelekea, ila mwendesha mashtaka hali wali wa mawazo, anataka kitu cha kushika. Hidaya alirudi ukumbini, akavaa glavu na kuinua bakuli kidogo, bila kumwaga. Chini kwenye kitako palikuwa na tabaka la kitu cheupe, kigumu. Mwanzoni alidhani ni gundi ya maonyesho. Alilikwangua kwa ukucha ndani ya glavu, likatoa unga. Chokaa.

Alipiga picha tatu, akamtumia Nusura. Simu yake ililia kabla hajaivua glavu.

“Dada Hidaya, umelitoa wapi bakuli hili?” Sauti ya Nusura ilikuwa ya chini, kama anaongea msikitini.

“Unalijua?”

“Ni la kaburi la babu yetu mkuu, Siyu. Kaburi la mnara, nyuma ya msikiti. Tulikuwa tukipita tunatia vidole humo kwa kucheza, mama anatukaripia. Lina pengo hapo ukingoni, unaliona? Mwanakombo alikuwa mdogo sana lilipong’olewa. Tulikuta shimo ukutani na chokaa chini. Babu alikaa pale siku nzima anatazama shimo.” Akavuta pumzi. “Ndani mna samaki wawili?”

“Mna wali. Sioni.”

“Toa wali utazame. Mmoja hana kichwa. Kilikwanguka kabla mimi sijazaliwa.” Kisha akauliza kile alichokuwa akikikwepa. “Kwa nini mna wali?”

Hidaya alitafuta neno la kusema lisiwe la uongo. “Nitakupigia, dada. Leo leo.”

Alikata simu, akamtuma Aristote kumleta Delvigne. Ukumbi ulikuwa mtupu. Harufu ya udi ilikuwa imejikalia kwenye viti, na kutoka juu zilisikika nyayo za watu wakitafuta nafasi katika ukumbi mwingine, ambako Profesa Qiu alikuwa amekubali kuzungumza badala ya Mwanakombo.

Delvigne aliingia haraka, akapunguza mwendo alipoikaribia meza. Alisimama mbali nayo kidogo kuliko ilivyohitajika.

“Umesema ni mzaha wa wanafunzi,” Hidaya alianza.

“Naam.”

“Basi tuondoe. Nataka kuona ndani ya bakuli.” Alifungua mfuko wa ushahidi, akauweka tayari. Akashika vijiti, akavichomoa kwenye wali kimoja kimoja na kuvilaza mezani. Mkono wa Delvigne ulinyanyuka, ukarudi chini. Hidaya alichukua kijiko na kuzamisha.

“Usimwage,” Delvigne alisema.

“Kwa nini?”

“Bado...” Alipiga hatua moja kuelekea mezani. “Bado hajamaliza kula.”

Aristote aliacha kuandika. Hata bomba la chini lilikuwa kimya wakati huo. Delvigne mwenyewe alionekana kushtuka, kama mtu aliyemsikia mwingine akisema kwa mdomo wake.

“Nani hajamaliza, Bwana Delvigne?”

Delvigne alirudi nyuma hatua moja.

“Kuanzia sasa una haki ya wakili, na sitaki uniambie kisa chochote kabla hajafika. Nina swali moja ninaloweza kuuliza, kwa sababu huenda kuna uhai wa kuokoa. Yuko wapi?”

“Hakuna uhai.”

“Yuko wapi?”

Macho yake yalikwenda pale pale yalipokwenda asubuhi, sakafuni. Hidaya alielewa kwamba tangu Jumatatu watu walikuwa wamekaa juu ya Mwanakombo wakinywa chai na kupiga makofi. Akatamani kumpiga yule mtu. Hamu hiyo ilimpanda hadi begani, akaiacha ipite.

Delvigne hakuweza tena kunyamaza, ingawa Hidaya alimkumbusha wakili mara ya pili, na Aristote akaliandika hilo ili lisomeke baadaye mahakamani.

“Nilikaa kijijini Fujian nikijifunza jinsi wanavyowalisha wafu wao,” alisema. “Waliniambia anayekufa kwa dhuluma na asilishwe haondoki. Nimeandika kitabu kizima kuonyesha kwamba ni imani tu. Tangu Jumamosi namsikia anagonga.”

“Ni mabomba.”

“Najua ni mabomba.” Alikaa kwenye kiti cha mbele kabisa. “Alilitaka bakuli. Alisema angelinyanyua hapa, mbele ya watu, aseme limetoka kaburi gani. Mimi sikuling’oa, nililinunua tu. Nilijua limetoka kaburini, ndiyo, chokaa niliiona. Kila anayekusanya vitu hivi anajua. Tulikuwa kwenye ngazi za ghala, nikamshika mkono. Alijinasua, akaanguka.”

“Ulimwita daktari?”

Delvigne alitikisa kichwa. “Aliomba maji. Nilipanda kwenda kuyaleta. Nilipofika juu nikafunga mlango.”

Hidaya alikitazama kikombe juu ya meza. Asubuhi walikisoma kuwa ni dini ya mpishi. Mchana wakakisoma kuwa ni dini ya mlaji. Sasa alijua ni maji yale yale, yamechelewa tangu Jumamosi. Machozi yalimjia, akayaacha yatoke mbele ya mshukiwa na mbele ya Aristote, wala hakuona kwamba kazi imepungua heshima kwa hilo.

“Sasa nyamaza,” alimwambia Delvigne. “Usiseme neno jingine mpaka wakili wako afike. Aristote, mufunge pingu. Ita ambulance, ita parquet, wale wa mashtaka, ita na batu ya labo. Utafute ufunguo wa ghala mfukoni mwake, unipe.”

Alimalizia kuutia wali kwenye mfuko wa ushahidi, kijiko kwa kijiko, kwa adabu, kwa sababu hakujua namna nyingine. Ndani ya bakuli, chini kabisa, waliogelea samaki wawili, na mmoja hakuwa na kichwa.

Ghala lilikuwa mwisho wa korido, nyuma ya masanduku. Alisukuma mawili pembeni, akafungua. Hakukuwa na maji yoyote yaliyoingia. Kulikuwa na baridi, taa ya rangi ya maziwa, na ngazi za saruji zikishuka. Mwanakombo alikuwa chini yake, kafunikwa kitambaa cheupe cha kabati la maonyesho. Mtandio wake wa buluu ulikuwa umetoka kichwani na kunasa kwenye ukingo wa ngazi, hatua mbili juu yake.

Hidaya alishuka akikanyaga kando ya ukuta, asiharibu alama. Alifunua shingo, akaweka vidole pale sheria inapotaka viwekwe, ingawa macho yalikwisha kumwambia. “Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun,” alisema kwa sauti. Kisha alirudi hatua tatu juu, akatoa simu.

Nusura alipokea mara moja.

“Nimempata, dada.”

“Yu hai?”

“Hapana.”

Kulisikika kiti kikisogea. Nyuma yake, huko Woluwe, sauti ya mzee iliuliza kwa Kifaransa kahawa yake iko wapi. Nusura alimjibu kwa Kifaransa, kwa upole ule ule wa kila siku, kwamba inakuja. Kisha akarudi kwenye simu.

“Aliumia sana?”

“Alianguka.” Mengine yangemfikia, lakini si kwa simu, na si akiwa kazini na kahawa ya mtu mkononi. “Nitakueleza yote nikiwa mbele yako. Kuna daktari atakayemchunguza kwanza, ni sheria ya hapa. Baada ya hapo atakuwa wenu.”

“Nitamwosha mwenyewe. Hata wakimkata, nitamwosha mwenyewe.”

“Nitawaambia.”

“Yuko wapi sasa?”

“Chini ya ukumbi. Ghalani.”

“Alikuwa peke yake humo? Tangu Jumamosi?”

“Peke yake.”

Nusura alilia basi, si kwa muda mrefu. Alipomaliza, sauti yake ilikuwa ya dada mkubwa, wa kutuma na kutiiwa. “Sikiliza, Hidaya. Wewe ni Muislamu mwenzetu, sina haja ya kukufundisha. Maiti haachwi peke yake. Usimwache tena. Kaa naye hadi nifike.”

“Nitakaa.”

Utaratibu wa kazi ulisema vingine, na Hidaya aliujua kwa moyo, maana alikuwa akiwafundisha wapya. Ukishathibitisha kifo unatoka kwa njia uliyoingilia, unafunga mlango, unawangoja wa maabara nje. Alifanya hivyo katika vifo vyote alivyowahi kushughulikia, na kila mara alisema ni kwa ajili ya marehemu.

Alikaa kwenye ngazi. Akavuta kitambaa kikamfunika Mwanakombo uso vizuri, akaweka mikono magotini na kuanza Yasini. Alifika pale alipokuwa akikwama tangu utotoni, pale mwalimu wa madrasa alipokuwa akimgusa na fimbo, akakwama. Alianza tena mwanzo, polepole.

Watu wa maabara walikuja na nguo zao nyeupe na masanduku yao. Mkubwa wao, Mfaransa mtaratibu aliyefanya naye kazi miaka mingi, alisimama mlangoni, akamwangalia aliyelala na aliyekaa.

“Inspekta,” alisema, “tunazihitaji hizo ngazi.”

“Pimeni, pigeni picha, andikeni kwamba nilikuwa hapa,” Hidaya alimjibu. “Andikeni na kosa langu. Mimi sitoki mpaka dada yake afike.”